Kwa Nini Mkono wa Mtoto Hukonda: Ujenzi na Ubomoaji wa Misuli

Katika vituo vya afya vya Kasulu na Kibondo, kwa watoto wa wenyeji na wa wakimbizi wa Nyarugusu, mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Mzazi huuliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini mkono umekonda hivyo, na kwa nini mtoto aliyelazwa hapewi mara moja chakula chenye protini nyingi?

Mwili hujenga na kubomoa protini zake saa zote. Mtu mzima hubomoa na kujenga upya takribani gramu 300 kwa siku, zaidi sana ya anazokula. Baada ya mlo, insulini huzuia ubomoaji wa misuli, nazo asidi amino za chakula, hasa leusini, huamsha ujenzi. Mlo usipopatikana, ubongo bado hudai sukari. Basi misuli hutoa asidi amino zake, na ini huzigeuza kuwa sukari hiyo. Ikija malaria au nimonia, kotisoli na kemikali za kinga ya mwili huharakisha ubomoaji, wakati uleule ambapo mtoto amepoteza hamu ya kula.

Utepe hauoni kila kitu. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili huenda asionekane amekonda, kwa hiyo miguu ibonyezwe daima.

Ini na figo za mtoto huyo zimedhoofu, na protini nyingi siku za mwanzo ni mzigo zisioweza kuubeba. Ndiyo maana huanzishiwa maziwa dawa ya F-75, yenye gramu 0.9 tu za protini katika mililita 100. Hamu ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, huhamishiwa F-100, yenye gramu 2.9, au chakula dawa. Mama anayempa mwanawe yai kwa siri siku ya pili hutenda kwa huruma. Mhudumu ndiye aliyepaswa kumweleza mapema.

Nyumbani, ugali wa muhogo una protini kidogo mno. Mahindi yana upungufu wa lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, na mahindi huufidia. Msuli usiotumika hujenga kidogo hata ukilishwa vizuri, hivyo mtoto aliyepata nafuu ashushwe kitandani acheze.