Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi. Nimewaeleza wanafunzi kuwa 'mbachao' ni ufupisho wa 'mbacha wako', yaani mkeka wako mkuukuu, na kwamba 'msala', mkeka wa kuswalia, ni neno lenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo nakiri mbele yako, msomaji mpendwa, kuwa kwa muda mrefu nilikuwa mwalimu asiyelijua somo lake.

Marehemu mama yangu alikuwa hodari wa kusuka. Kabla sijaanza shule alinitengenezea mkeka wa miyaa; alisuka ukili mrefu, kisha akaushona upande kwa upande hadi ukatimia. Juu ya mkeka huo niliugua surua, na juu yake nilidurusu kwa mwanga wa koroboi nikijiandaa kwa mitihani. Nilipoajiriwa chuo kikuu nilihama nao. Lakini kingo zilikuwa zimefumuka na rangi imekwisha. Siku moja, kwa kuwaonea haya wageni niliowatarajia, nilimpa mzoa taka akaenda nao.

Mama alipokuja kututembelea, aliuulizia mkeka ule ajinyooshe adhuhuri. Nikamjibu kwamba ulikuwa umechakaa, nami nilikuwa nimenunua zulia. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, mwanangu," kisha akaketi kitini. Hakuutaja tena hadi Mungu alipomchukua.

Tulipolifungua sanduku lake baada ya arubaini, mimi niliomba leso moja tu, ile aliyoifanya mbeleko ya kutubebea sote. Ndugu yangu alicheka, akaniuliza nikiipeleka sokoni nitapata shilingi ngapi. Sitapata hata ndururu. Lakini nimshikapo mwanangu na kumwonyesha mahali pindo lilipochanika, bibi yake ambaye hakumwona humjia akiwa mtu mwenye mgongo, mikono na jasho, wala si picha ukutani.

Wapo watakaosema kuwa kukumbatia vikuukuu ni kujirudisha nyuma, na kwamba nyumba zetu za mjini hazina nafasi. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna anayeweza kuhifadhi kila kinu, kila kata na kila kibao cha mbuzi. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kuchagua na kutupa. Anayechagua kimoja huwa amevipima vyote; anayetupa kwa haya hajapima chochote.

Kwetu sisi walimu wa lugha, jambo hili linatuhusu zaidi. Kitu kikitoweka nyumbani, jina lake hubaki kitabuni likiwa yatima. Niliwahi kuliuliza darasa maana ya mbacha. Mmoja akanijibu kwa ujasiri kuwa ni mnyama. Wenzake hawakucheka, kwani nao hawakujua. Methali waliikariri neno kwa neno, ila hawakuwa na mkeka wa kuilazia. Ukili, kitanga, jamvi na busati ni maneno yaliyomo katika msamiati wetu, lakini ni wanafunzi wangapi wanaoweza kuyatofautisha kwa macho na kwa mikono?

Ombi langu ni dogo. Mwalimu, mtake kila mwanafunzi alete darasani kifaa kimoja alichorithi mzazi wake, aseme kinaitwaje katika lugha ya kwao na katika Kiswahili, sehemu zake zina majina gani, na nani alikitumia. Nawe mwanafunzi, muulize mzazi wako maswali hayo angali hai, kwani kifaa hakisemi chenyewe.

Mimi nilichelewa. Leso ninayo, na hadithi yake naijua. Lakini mkeka sina, wala sikuwahi kumuuliza mama alitumia siku ngapi kuusuka.