Binti wa Rumonge na Kazi ya Filamu: Aanzie Wapi?

Mwezi huu tumeona tuongee jambo ambalo wazazi wametuuliza zaidi ya mara moja: binti akisema anataka kazi ya filamu au televisheni, tumruhusu ama tumkatalie?

Wengi wetu tumetoka Rumonge, Nyanza-Lac na vijiji vya kando ya ziwa. Kule filamu tulizijua kwenye vibanda vya video, mahali pa kelele, pamejaa wanaume na moshi wa sigara. Mama mwenye heshima zake hakutaka binti yake aonekane pale. Basi hata leo neno filamu likitajwa, mzazi anakiona kibanda kile. Lakini kutazama ni kitu kimoja, na kutengeneza ni kazi nyingine kabisa, yenye jasho kama kuanika ndagala.

Tuanze na kwetu Burundi. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1984. Filamu ndefu ya kwanza ya hadithi ya Kirundi ni Gito l'ingrat, ya Léonce Ngabo, iliyotoka mwaka 1992. Kijana anarudi kutoka masomoni Ufaransa akidhani kiti cha uwaziri kinamsubiri, na wanawake wawili aliowadanganya wanaungana kumtia adabu. Hadithi tamu kweli. Lakini angalieni jambo hili: Flora, mpenzi wake wa Kirundi, aliigizwa na Aoua Sangaré, ambaye ni mwigizaji kutoka Mali. Yeye alikuwa ameshaizoea kamera, maana alionekana katika Yeelen ya mwaka 1987. Kwetu sisi, binti wa Kirundi alikuwa bado hajapata mahali pa kuizoea.

Mlango uliofunguka mapema zaidi kwa wanawake wetu ulikuwa wa redio. Mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto, Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura. Tangu mwaka 1997 ikatengeneza mchezo wa Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, juu ya familia za Kihutu na Kitutsi zinazoishi pua na pua. Mwandishi wake ni mama, Marie-Louise Sibazuri, aliyekuwa tayari akiandika michezo ya jukwaani. Aliandika mamia ya sehemu. Fikirini kidogo: mtu mmoja na kalamu yake, nchi inaungua, naye anatafuta maneno ambayo Mhutu na Mtutsi wote wawili watayasikiliza bila kuzima redio. Huyo hakuhitaji sura nzuri wala nguo za bei. Kuandika mazungumzo ya watu ndiyo kazi ileile inayofanywa kwenye filamu, ila huku macho nayo yanafanya kazi.

Baadaye njia ilipanuka kidogo. Mwaka 2007 Burundi Film Center ilifundisha vijana kutengeneza filamu fupi, na mmoja wa waongozaji waliotokea hapo ni Linda Kamuntu, aliyetengeneza Nothing's the Same. Mwaka 2009 likaanza tamasha la filamu la FESTICAB, na hapo Warundi wakapata mahali pa kuonyesha kazi zao nyumbani.

Kwa majirani mambo yalikwenda kwa namna hiyohiyo, hatua kwa hatua. Tanzania, Monalisa tuliyemwona katika Girlfriend ya mwaka 2003 alikuwa ameshapitia michezo ya televisheni, na mama yake, Natasha, naye ni mwigizaji. Kenya kuna Lupita Nyong'o. Huyu alizaliwa Mexico mwaka 1983, baba yake akiwa uhamishoni kwa sababu za siasa. Kabla dunia haijamjua alikuwa mtu wa kutumwatumwa kwenye utengenezaji wa The Constant Gardener ulipofanyika Kenya. Mwaka 2009 aliongoza filamu yake mwenyewe, In My Genes, juu ya watu wenye ualbino. Tuzo ya Oscar ilikuja mwaka 2014. Watu wanaikumbuka tuzo, ile miaka ya kutumwa hawaisemi.

Sasa hebu tueleze kazi moja ambayo wengi hawaijui, na sisi tunaiona inawafaa sana mabinti wetu: kushika mwendelezo. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Tuseme mama anaanika ndagala ufukweni Rumonge, anaitwa, anageuka, anaondoka. Anavyogeuka wamerekodi asubuhi ya Jumatatu. Anavyoondoka wamerekodi Jumanne jioni. Ndagala za Jumatatu zilikuwa mbichi, zinang'aa. Za Jumanne zimeshakauka. Kivuli kimehama upande, upepo umebadilika, kitenge kilikuwa bega la kushoto sasa kiko la kulia. Mtazamaji ataona mama kageuka mara moja tu na samaki wamekauka ghafla! Kwa hiyo lazima awepo mtu mwenye daftari anayeandika kila kitu, na mwongozaji mkubwa namna gani anamsikiliza. Mwanamke aliyelelewa kwenye uanikaji, anayejua kwa kutazama tu samaki ana saa ngapi juani, ameshafundishwa nusu ya kazi hiyo. Kuna pia fundi wa sauti, mhariri wa picha, mpambaji, mshonaji wa mavazi.

Woga wa wazazi hatuudharau. Wapo wanaume wanaojiita waongozaji ambao wanadai mwili kabla ya kutoa nafasi, na mabinti wameumizwa. Mzazi, uliza mafunzo yanafanyikia wapi, nani mwanamke mkubwa aliyepo, yanaisha saa ngapi. Nenda siku moja bila kutangaza. Kama ni kazi ya malipo, makubaliano yaandikwe, na jina la binti litokee mwisho wa filamu pamoja na ya wengine, maana jina hilo ndilo litakalomwombea kazi ya pili. Wakimbizi kufundishwa filamu si ndoto: Kakuma, Kenya, FilmAid ilianza kazi mwaka 2001, na vijana wa kambi wakajifunza kurekodi hadithi zao wenyewe.

Na asiye na kamera? Achukue daftari. Akae na bibi au jirani mzee aliyeondoka Rumonge mwaka 1972, amwombe asimulie siku ile ya kuondoka. Aandike yale yaliyosemwa tu, nani alisema nini, nani alijibu, walibeba nini mkononi. Halafu amsomee bibi kwa sauti. Pale bibi atakaposema "hapana, hakusema hivyo", binti afute aandike tena.