Zana za Fundi Zisilale Ovyo



Fundi bila zana ni mtu wa kawaida tu. Ujuzi anao kichwani, lakini mikono mitupu haijengi ukuta. Mtu akiiba mwiko, pimamaji, randa na msumeno, ameiba chakula cha watoto wa fundi. Na kazi ya kijiji nayo inasimama.

Niwape habari ya kijiji kimoja ambacho mimi hufika kwa ajili ya madarasa ya kisomo. Mafundi wanne walikuwa wanajenga nyumba ya mwalimu. Walikuwa na tela la magurudumu mawili, linalovutwa na trekta dogo la mkono, lile tunaloliita pawatila. Juu ya tela walitengeneza sanduku kubwa la mbao. Kila jioni waliweka zana zote ndani ya sanduku, wakafunga kufuli, wakaenda zao nyumbani. Tela lililala pale pale penye ujenzi.

Asubuhi moja walikuta sanduku li wazi. Lakini kufuli lilikuwa bado limefungwa! Mwizi hakuligusa kabisa. Alichukua bisibisi, akafungua skurubu za bawaba upande wa nyuma, akanyanyua mfuniko. Basi. Zana zote zimekwenda.

Baada ya siku kadhaa wakasikia kwamba polisi wamemkamata mtu mjini akiwa na zana nyingi. Wakaenda mbio, wana furaha. Askari hakuwaonyesha kitu kwanza. Akawauliza:

"Elezeni zana zenu zikoje."

"Nyundo, afande."

"Nyundo ya namna gani?"

"Nyundo ya kawaida. Ina mpini wa mti."

Nyundo za namna hiyo zilikuwa nyingi pale, na wenyewe wanaozidai walikuwa wengi pia. Mafundi wetu walirudi na mwiko mmoja tu. Huo ulikuwa wa mzee wao, naye aliuchoma herufi mbili kwenye mpini kwa msumari wa moto. Zana nyingine walizitazama kwa macho, wakaziacha.

Askari hakuwaonea. Ndivyo mahakama zetu Tanzania zinavyotaka. Mwenye mali aeleze kwanza alama za mali yake, kabla hajaonyeshwa. Akionyeshwa kwanza, mtu yeyote anaweza kusema "hii yangu". Mzee yule nilimkuta kesho yake amekaa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Ninyi mlitufundisha kuandika majina yetu kwenye daftari. Mbona hamkutuambia tuyaandike kwenye nyundo?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu naandika leo.

ANDIKA ALAMA

Chagua alama yako. Herufi za jina lako na za kijiji chako zinatosha. Usitumie alama ya msalaba au duara peke yake, kwa sababu kila mtu anaweza kuichora.

Mpini wa mti unachomwa kwa msumari au chuma chembamba kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu. Chuma ni kigumu zaidi. Zipo herufi za chuma cha pua ambazo hugongwa kwa nyundo. Mhunzi au fundi wa karakana anaweza kuwa nazo. Kama hakuna, chukua senta panchi, yaani kile chuma kifupi chenye ncha kali. Gonga vitone kimoja kimoja, vikifuatana, mpaka vifanye herufi. Ni kazi ya jioni moja. Rangi peke yake haitoshi, maana inakwanguliwa kwa tupa au kuchomwa moto.

Weka alama mahali pawili. Moja ionekane wazi, ili mnunuzi aogope. Ya pili ifiche mahali unapopajua wewe: ndani ya karai, chini ya toroli, au mahali mpini unapoingia kwenye chuma. Mwizi akifuta ile ya wazi, ya siri inabaki. Hiyo ya siri usiitangaze kilabuni.

Mashine kama jenereta, keekee ya umeme au mashine ya kuchomelea ina namba yake kutoka kiwandani. Mara nyingi iko kwenye kibati kidogo ubavuni. Inakili namba hiyo kwa uangalifu, herufi kwa herufi. Kisha piga alama yako kwenye chuma chenyewe cha mashine, kwa sababu kibati hubanduliwa kwa bisibisi.

DAFTARI LA ZANA

Nunua daftari la kawaida. Piga mistari ufanye safu: jina la kifaa, alama yake na mahali ilipo, namba ya kiwanda kama ipo, tarehe uliyonunua, bei, na mahali uliponunua. Stakabadhi za duka zitie kwenye bahasha na uiweke pamoja na daftari. Kama kuna simu ya kupiga picha nyumbani, piga picha ya kila kifaa na alama yake. Lakini picha hupotea na simu. Daftari libaki.

Na daftari lisikae ndani ya sanduku la zana! Likae nyumbani. Nasema hivi kwa sababu nimeona mtu akifanya hivyo, tena mtu mwenye akili zake timamu.

Ukurasa wa nyuma uwe wa kuazimana. Sisi vijijini tunaazimana sana, na ni jambo jema. Ila zana nyingi haziibiwi usiku na mtu mgeni. Zinatoka mchana, kwa mkono wa rafiki, halafu hazirudi. Andika: nani amechukua, nini, siku gani, na atarudisha lini. Mwenye kuazima naye atie sahihi. Hapo hakuna kugombana. Asiyependa kutia sahihi, muulize kwa upole kwa nini hapendi.

Kuna ufundi mwingine ambao hata asiyejua kusoma anaweza kuutumia. Chukua ubao, pigilia misumari ya kutundikia zana. Tundika kila kifaa, kisha chora umbo lake kwa mkaa au rangi kuzunguka pembeni. Jioni ukitazama ubao, utaona mara moja umbo lililo tupu. Utajua msumeno haujarudi kabla wasaidizi hawajaondoka, si asubuhi baada ya siku nzima kupita.

KUFULI NA MLANGO

Watu wengi wakinunua kufuli hutazama ukubwa wa mwili wake. Kufuli ni kama mtu: mwenye mwili mkubwa si lazima awe na nguvu. Tazama ule upinde wa juu. Uwe mnene, angalau kama kidole kidogo cha mtu mzima. Tena uwe mfupi. Upinde mrefu humpa mwizi nafasi ya kuingiza mtarimbo na kukunja, au kuingiza meno ya mkasi wa kukatia vyuma. Upinde mfupi unaojaa kwenye tundu la komeo haumpi nafasi hiyo.

Lakini kumbuka mafundi wetu wanne. Kufuli zuri kwenye komeo bovu ni hasara. Komeo na bawaba zikifungwa kwa skurubu fupi kutoka nje, mwizi atazifungua kama wewe ulivyozifunga. Tumia bolti zinazopenya ubao mpaka ndani. Kichwa cha bolti kiwe cha mviringo, kisichoshikika kwa spana wala bisibisi, nacho ndicho kiwe nje. Nati iwe ndani. Ukishakaza nati, gonga ncha ya bolti kwa nyundo mpaka itanuke, isirudi nyuma. Kama sanduku ni la chuma, bawaba zichomelewe.

Funguo ziwe mbili, na watu wa kuzishika wajulikane. Kuficha ufunguo chini ya tofali karibu na mlango ni mchezo wa watoto. Mwizi naye amezaliwa kijijini, anajua matofali yote.

TELA LENYEWE

Tela ni mali kubwa, nalo huibiwa lote zima. Ni rahisi kuliko unavyofikiri. Tela hushikwa na trekta kwa pini moja tu, ile inayopita kwenye tundu la mkono wa tela. Mwizi akija na trekta lake, anaingiza pini, anaondoka. Asubuhi yuko wilaya nyingine.

Wengine huenda nyumbani na pini yao, wakadhani wameliokoa tela. Mwizi ana pini yake, au bolti nene. Njia bora ni kuziba lile tundu. Pitisha kufuli nene kwenye tundu la mkono wa tela na ulifunge. Tundu likijaa kufuli, pini haiingii.

Kisha tumia mnyororo. Upitishe kwenye gurudumu na kwenye ekseli, uufunge kwenye mti ulio hai na mnene, au kwenye nguzo iliyojengewa zege. Usiufunge kwenye nguzo ya ua, maana mwizi atang'oa nguzo. Na mnyororo usilale chini. Ukilala chini, mwizi hupata mahali pa kuuegemeza akaupiga kwa patasi ya chuma na nyundo. Ukining'inia hewani, unayumba, naye anahangaika na kupiga kelele.

Ikiwa tela litakaa siku nyingi bila kazi, vua gurudumu moja. Egemeza ekseli juu ya mawe au gogo, gurudumu lilale ndani ya nyumba. Au geuza tela, mkono wake uelekee ukutani, trekta lisiweze kufika. Andika jina la kikundi ubavuni kwa herufi kubwa, rangi ya kung'aa. Kama tela lina kadi ya usajili, kadi isikae kwenye tela.

Lililo bora kuliko yote, tela lisilale mahali pasipo na watu. Zungumzeni na mwenye nyumba iliyo karibu. Mlipeni kidogo, lilale uani kwake. Mkiweka mlinzi, jioni mkabidhini zana kwa orodha, atie sahihi. Asubuhi azikabidhi kwa orodha hiyo hiyo. Mlinzi asiyejua analinda nini hawezi kulaumiwa kikipotea.

Na kijiji kizima kina kazi hapa. Sungusungu walianza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa na kuwatambua. Mahali ambapo ulinzi wa zamu bado upo, waambieni walinzi wa zamu kazi ya ujenzi iko wapi, wapitie huko.

UKIIBIWA

Usiingie haraka ukaanza kushika kila kitu. Nyayo, alama za magurudumu, kufuli lililovunjwa, vyote ni ushahidi. Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Piga simu polisi, namba ya dharura ni 112, au nenda kituoni. Chukua daftari lako. Taarifa ikiandikwa utapewa namba, watu huiita RB. Itunze. Kisha watangazie mafundi wa vijiji jirani na wanunuzi wa vyuma chakavu, uwape alama zako za wazi. Chuma kikishakatwa vipande na kupimwa kwenye mizani, hakitajulikana tena kwamba kilikuwa tela lako.

Mkimkamata mtu, msimpige. Najua hasira ilivyo. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, lakini lazima amfikishe polisi bila kuchelewa. Wakimuua, hao waliomuua watashitakiwa kwa mauaji, hata kama aliiba kweli. Fundi ataingia gerezani kwa ajili ya nyundo, na zana zake hatazipata. Mara nyingine yule aliyeuawa ndiye peke yake aliyejua zimeuzwa wapi.

UKINUNUA ZANA ILIYOTUMIKA

Hapa nasema na mafundi wenyewe, tena kwa ndugu. Randa ya bei ya kutupa, inayouzwa saa mbili usiku na mtu ambaye si seremala, imetoka wapi? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu mpokeaji wa mali ya wizi kuwa mhalifu, ikiwa alijua au alikuwa na sababu ya kujua kwamba ni ya wizi. Ukikutwa na mali iliyoibiwa juzi na huna maelezo, mahakama inaweza hata kukuhesabu wewe kuwa ndiye mwizi.

Kwa hiyo ukinunua, andikeni karatasi. Jina la muuzaji na kijiji chake. Kifaa gani, alama gani, namba gani. Bei na tarehe. Sahihi ya muuzaji, sahihi yako, na shahidi mmoja. Kama kifaa ni kikubwa, shahidi awe mtendaji wa kijiji. Karatasi ziwe mbili, kila mmoja achukue yake. Wale mafundi wanne sasa hununua hivyo. Mwezi uliopita kijana mmoja aliwaletea pimamaji jipya. Walipotoa kalamu na karatasi, alisema anakwenda kunywa maji kwanza. Mpaka leo hajarudi, na pimamaji hawakulinunua.