UZI: "Tutawaletea elimu ya afya ya kidijitali." Hiyo ahadi ina maana gani kwetu Garissa?

Huku kwetu siasa ikianza kuchemka kuna ahadi moja haikosi: elimu ya afya ya kidijitali. Tableti kwa wanafunzi wa uuguzi, masomo ya video, maabara yenye midoli ya kisasa ya mazoezi. Watu wanapiga makofi. Upande wa pili unajibu hapo hapo: "Sisi tunataka madaktari, si midoli!" Makofi tena. Mimi nimechoka na makofi ya pande zote mbili, so leo tuelezane. Sitaji mtu wala chama.

Kwanza tujue tunabishania nini. Hesabu zilizotokana na sensa ya 2019 ziliweka vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi Garissa kuwa 641 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kenya nzima ni 355. Nyeri ni 67. Soma tena hiyo ya Nyeri.

Sisemi yote ni mambo ya masomo. Kuna barabara, kuna damu, kuna mama anayetoka malishoni mbali na hospitali. Lakini akishafika, maisha yake na ya mtoto yako mikononi mwa nesi aliye zamu, na alichofundishwa huyo nesi.

Je, teknolojia inasaidia? Inasaidia, na tuna ushahidi wetu wenyewe. Miaka ya 2000 manesi wengi Kenya walikuwa wa cheti, zaidi ya 20,000, na Baraza la Wauguzi lilitaka wapande hadi diploma. Kuwaita wote warudi chuo cha bweni maana yake zahanati nyingi zingebaki na kufuli. Mwaka 2005 Amref na Baraza wakaanzisha masomo kwa kompyuta, kwenye vituo vilivyowekwa karibu na watu wanakofanyia kazi. Vilifika zaidi ya 100 nchini. Garissa ilikuwemo, hata kambi za Dadaab.

Nesi alisoma na hakuhama. Kwa Nairobi hilo ni jambo dogo. Kwetu ni jambo kubwa sana, kwa sababu tumezoea kutegemea wahudumu kutoka nje, na usalama ukiharibika wanaondoka. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa kwenye basi lililotoka Mandera, na baada ya hapo wafanyakazi wengi wa kaunti zingine waliondoka. Siwalaumu, hata mimi ningeondoka. Lakini nesi ambaye mama yake anaishi Bulla Iftin, ukimpa elimu hapa hapa, kuna uwezekano mkubwa utamkuta hapa mwaka ujao.

Na usidhani lazima iwe tableti ya bei. Amref hiyo hiyo ina mfumo unaitwa LEAP, wa kufundishia wahudumu wa afya wa jamii. Unatumia SMS na sauti, kwa hivyo hata kabambe ya mulika mwizi inatosha. Ukiwa Hulugho au Balambala na mtandao unakuja na kwenda, hiyo ndiyo teknolojia yenyewe. Halafu sauti inaweza kuwa ya Kisomali. Darasani tunafundishwa kwa Kiingereza, wodini mama anaeleza uchungu wake kwa Kisomali, na hakuna mwanasiasa nimemsikia akiligusa hilo.

Sasa twende kwa wale wa "si midoli". Hawa nao wana pointi, ila wanaikosea mahali.

Kuna hospitali ya mashambani kaskazini mwa Tanzania, Haydom. Walipewa mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga ambaye hapumui anapozaliwa. Mdoli wenyewe ni rahisi tu: unaujaza maji upate uzito wa mtoto, hauhitaji stima wala intaneti. Wakafundishwa siku moja. Miezi kadhaa baadaye wakapimwa kwenye mdoli, wakafanya vizuri. Lakini chumba cha kuzalia? Kazi ilikuwa ile ile ya zamani. Yaani cheti walipata, mtoto hakupata kitu.

Ndipo wakabadilisha utaratibu. Mdoli ukawekwa pale pale wodini na mazoezi yakawa ya mara kwa mara, dakika chache tu, kukiwa na mtu wa kuyasimamia. Matokeo yalichapishwa 2015: watoto wanaokufa ndani ya saa 24 walishuka kutoka kama 11 hadi kama 7 kwa kila 1,000. Mdoli haukubadilika. Kilichobadilika ni ratiba, na kuwepo kwa mtu mwenye jukumu.

Kwa hivyo mtu akikuahidi maabara, swali si mashine ngapi. Muulize nani analipwa kuziendesha mwaka wa pili, baada ya kukata utepe. Uzinduzi hulipiwa mara moja. Mshahara wa mkufunzi ni kila mwezi, na hauna picha nzuri ya kuweka Facebook.

Hapo ndipo sheria inaleta utata ambao wanasiasa wanaupenda. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, ambacho kina kampasi hapa Garissa, ni cha serikali ya kitaifa. Hospitali ya rufaa anakofanyia mazoezi mwanafunzi ni ya kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba. Mwalimu ni wa Nairobi, kitanda ni cha kaunti, mwanafunzi yuko katikati. Mambo yakikwama kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Mgomo wa manesi wa 2017 ulidumu karibu miezi mitano. Video unaweza kuitazama nyumbani, lakini kushika tumbo la mama na kujua mtoto amekaa vipi, hiyo utaisomea wapi wodi ikiwa tupu?

Ndiyo maana mgombea wa kaunti akisema "nitajenga chuo cha udaktari", mkumbushe kwamba vyuo vikuu na vyuo vya kati ni kazi ya serikali ya kitaifa. Anachoweza yeye, na ni kikubwa, ni kuajiri wakufunzi wa wodini, kutenga saa za mazoezi kwenye zamu za manesi na kulipia mtandao na sola ya vituo vya afya.

Makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bungeni kufikia 30 Aprili, na sheria inataka mwananchi ashirikishwe. Fungua kurasa za idara ya afya, tafuta neno "mafunzo". Ukikuta vifaa vimetengewa pesa na wakufunzi hawana hata shilingi, piga picha hiyo page uilete hapa chini.