Kompyuta Yako Inalala Kweli, au Imefumba Macho tu?

Ndugu zangu wauzaji wa mtandaoni, hili lilinigharimu mteja.

Jioni pale Kayanga nilifunika kompyuta yangu ikiwa na chaji kamili, nikaitia kwenye begi. Asubuhi nikapanda gari kwenda Nkwenda kupeleka mizigo. Oda zote zilikuwa humo, nyingine sijazisevu. Kufika, begi lina joto kama pasi, mashine imezima. Nikagawa mizigo kwa kukumbuka kichwani, wawili nikawachanganya. Mmoja hajarudi mpaka leo.

Nikajua ni betri. Fundi akaipima: nzima. Tatizo lilikuwa usingizi.

Kulala kwa kompyuta ni kazi ya watu wawili. Kuna bayosi, programu iliyowekwa kiwandani kwenye bodi ya mashine. Halafu kuna keneli, kiini cha Windows au Linux. Chukulia duka: keneli ni muuzaji, anajua nani bado anahudumiwa. Bayosi ni mlinzi, ndiye mwenye swichi kuu.

Kwenye mfumo wa APM wa mwaka 1992, mlinzi aliweza kuzima taa bila kujua ndani kuna nini. Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa utaratibu wa ACPI: keneli ndiyo inaamua, bayosi inaipa maelezo ya vifaa na namna ya kuvilaza.

Usingizi utakaokutana nao zaidi ni wa aina hizi tatu:

1. S3. Keneli inasimamisha programu na vifaa, kisha karibu kila kitu kinakatiwa umeme isipokuwa memori. Kuamka, bayosi inaanza, inaikabidhi keneli.

2. S0 ya umeme mdogo, iliyo kwenye mashine nyingi mpya. Hapa swichi kuu haizimwi. Keneli inatuliza kila kitu na kusubiri. Kifaa au programu moja ikigoma kutulia, chaji inaisha ndani ya begi. Ndicho kilichonipata.

3. Hibernate. Keneli inaandika memori yote kwenye diski, umeme unakatwa. Chaji ikiisha, kazi yako bado ipo.

Fanya hivi kwenye Windows. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika powercfg /a, utaona mashine yako ina usingizi gani. Kisha andika powercfg /h on. Nenda Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", chagua Hibernate. Kuwaka itachukua muda kidogo zaidi, lakini oda zitakuwepo.

Angalizo: ukiambiwa uapdeti bayosi, chomeka chaja na betri iwe imejaa. Umeme wetu tunaujua. Ukikatika katikati ya kazi hiyo na betri haina kitu, mashine inaweza isiwake tena.

Na oda, sevu kabla ya kufunika. Mimi sasa nasevu, halafu naandika na kwenye daftari.

Wewe yako imeandika S3 au S0?