Masisi na Walikale: Mtunzi wa nyimbo, jua haki yako kabla ya kuingia studio

Kijana anatunga wimbo kijijini, anauimba kwenye harusi, mwenzake anaurekodi kwa simu. Miezi michache baadaye wimbo unasikika redioni kwa jina la mtu mwingine. Je, wimbo ni wa nani?

Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watunzi nchini Kongo, inajibu: ni wa aliyeutunga. Haki hiyo inadumu maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kifo chake kwa faida ya warithi.

Haki hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni heshima: jina lako kutajwa na kazi yako kutoharibiwa. Ya pili ni mali: kulipwa wimbo unapouzwa au kupigwa hadharani. Lakini wazo tupu halilindwi. Kinacholindwa ni maneno na sauti ulizozipanga. Na wimbo wa mila wa Kihunde au Kinyanga hauwi wako kwa kuurekodi tu. Chako ni kile ulichoongeza.

Kosa kubwa ni kusaini bila kusoma. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi “Mbube” mwaka 1939, na inasemekana aliuza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ulizunguka dunia nzima. Yeye alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifikia mapatano mwaka 2006.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi, andikeni karatasi: nani katunga maneno, nani sauti, nani biti, na kila mmoja atapata asilimia ngapi. Kulipia studio ni jambo moja, kuuza wimbo ni jambo lingine.

Ushahidi nao una uzito. M23 iliingia Masisi-Centre Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huo, na anayekimbia vita habebi madaftari. Jitumie maneno na sauti kwa barua pepe: tarehe itabaki hata simu ikipotea.

Kukusanya malipo ya watunzi ni kazi ya SOCODA, yenye makao Kinshasa. Ni mbali, ndiyo. Lakini asiye na karatasi wala tarehe, hata ofisi ingekuwa jirani, angeenda kudai kwa mdomo mtupu.