Uluguru na Watu Wake (4): Matuta ya Mwaka 1955

Kila Mto Ruvu unapopungua maji, Dar es Salaam hukumbuka kuwa Morogoro kuna milima. Habari za Bwawa la Kidunda katika mto huo, linalokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, zimeyarudisha maneno tuliyozoea kuyasikia wakati wa kiangazi: Waluguru wanaumaliza mlima, washushwe. Wiki hii niliahidi tuzungumzie viungo vya Kinole na Tawa. Iliki na mdalasini vitasubiri, kwa sababu maneno hayo yana historia, na wanaoyatamka aghalabu hawaijui.

Jiografia sitairudia. Msomaji aliyefuatana nasi anajua jinsi mawingu ya Bahari ya Hindi yanavyoumwagia mvua upande wa mashariki, na anajua kwamba mito ya Mgeta, Mfizigo na Mvuha mwisho wake ni Ruvu. Kilichobaki kusemwa ni ardhi ile ni ya nani.

Ni ya ukoo, na ukoo ni wa mama. Mtoto wa Kiluguru huhesabiwa kwa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mwanamume aweza kulima shamba la upande wa baba yake, lakini kwa kuazima tu. Akifa, wenyewe wanalichukua. Mwazimaji haruhusiwi kupanda miti ya kudumu bila ridhaa ya wenye ukoo, maana aliyepanda mti ameanza kudai ardhi. Shika hilo, kwani waheshimiwa wa serikali ya Mwingereza hawakulishika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walileta mpango wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Miteremko ilikuwa inalimwa kutoka juu hadi chini, moto ulikuwa unachoma magugu kila mwaka, na Ruvu ilikuwa inateremka nyekundu kwa udongo. Dawa waliyoiona ni matuta ya ngazi, yachimbwe kwa jembe la mkono na kila kaya, ipende isipende, na asiyechimba apelekwe barazani kutozwa faini. Machifu wakawekwa katikati: wasimamie amri ambayo watu wao hawakuulizwa.

Sasa tazama kilichotokea shambani. Udongo wenye rutuba katika miteremko mingi ya Uluguru ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuuinua ule mfu wa chini, na mahindi yanatoka manjano. Upande wa mashariki, ambako mvua ni kubwa zaidi, tuta lililolala tambarare linashiba maji mpaka linabomoka lenyewe. Juu ya hayo, yule aliyeazima shamba anachimba kazi ya kudumu katika ardhi isiyo yake. Mwenye shamba anaingiwa na hofu, mchimbaji naye anajua jasho lake watarithi wengine. Mkulima alikuwa na akili timamu alipokataa. Mimi humwona mtaalamu wa udongo kuliko waliomtoza faini.

Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo, polisi wakaitwa, risasi zikapigwa na mtu akapoteza maisha. Mpango ukafa mwaka huohuo. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu, haikuhitaji kuwahubiria sana Waluguru baada ya hapo.

Wapo watakaoniuliza: je, mlima uachwe tu? La. Februari 1970 mvua ya saa chache iliangusha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta, na watafiti walipoyahesabu waliona karibu yote yalianzia mashambani na katika nyasi. Msituni ni machache mno. Mti unaushika mlima, hilo halina ubishi. Tena Mgeta kwenyewe ngazi zipo hadi leo, zimejaa kabichi na njegere, kwa sababu pale kuna maji ya kumwagilia, kuna samadi na kuna gari la kupeleka mboga Kariakoo. Zinamlipa mwenyewe.

Na miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu jambo Kibungo, upande uleule wa mashariki uliowahi kukataa. Mkulima aliyekubali kuchimba matuta na kupanda miti alilipwa, na miongoni mwa waliotoa fedha ni DAWASCO na kiwanda cha Coca-Cola, watumiaji wa maji ya Ruvu. Watu walichimba.

Kwa hiyo kuhusu Kidunda nina machache. Bwawa lipo chini, tope linatoka juu, na bwawa lisilotunziwa mlima wake hujaa udongo hata ukuta uwe imara namna gani. Sehemu ya ankara ya maji ya Dar es Salaam ipande mlimani, ipite kwa wenye ukoo, akina mama na wajomba zao, kabla ya kupita ofisi yoyote. Kuwashusha watu ni kurudia 1955 kwa gharama kubwa zaidi.

Ombi langu ni kwa wasomaji wa Matombo, Tawa na Kinole. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini siku ile ya Julai sasa ametimiza tisini. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani aketi naye, aandike anachosimulia, na nakala ailete kwa mhariri wa gazeti hili.